Matusi ku Mulango ya Panda

Likasi, le 12 février 2023

Bibi yangu Arielle,

Jambo yako huko Durban. Minye, babu yako na bwana yako wa kwanza, niko muzima. Magoti inalia lakini tumbo inakula. Mama Émilienne wa jirani anakusalimia. Kuku yake mbili ilikufa, anasema ni minye niliiangalia na macho mubaya. Nilimwambia kama macho yangu ingekuwa na nguvu ile, ningeanzia kwake. Mvua ilibomoa ukuta ya choo yetu, sasa tunajisaidia tukisalimia bapita-njia.

Ricky anapita kesho na camion yake ya kubeba shaba, atabeba hii barua mpaka kwako. Usiniambie tena "Kambo, tuma vocal ya sauti". Masikio yangu ilibakia ku broyeur ya kusaga mawe ya usine, unajua, na kidole yangu moja juu ya téléphone inakamata siku nzima kwa kuandika "jambo". Kalamu njo rafiki yangu, ata kama nilisomaka paka deuxième primaire tu, darasa ya pili. Mwalimu alisema, "Constantin, akili yako inapita ya darasa," akanifukuza.

Bon, tuongee kazi.

Ulinipatia ufunguo ya mulango ya site ya internet ya bantu ba Panda, quartier yetu, ukasema, "Kambo, weye unajua kila muntu wa huko, utakuwa unakubali majina." Nikasema ni kazi ya kucheza. Masikio kisha kufa, nililinda mulango ya usine myaka kumi na mbili! Siku moja muntu alitoka na moteur ya pompe ndani ya sufuria, juu yake akaweka bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo. Nikamwambia, "Papa, bukari yako inatoka jasho ya mafuta." Ingénieur mwenyewe aliinama akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini mulango yako, Arielle! Wiki moja tu, majina mia sita na kumi na mbili banaomba kuingia. Nikafurahi, nikasema Panda imezala. Kuangalia: muntu moja anaitwa herufi na namba, kama plaque ya gari. Mwingine jina yake ni "Viatu Bei Poa Viktor". Mutoto gani wa Panda alibatizwa vile? Bote banauzisha viatu, visa ya Canada, na dawa ya kusimamisha banaume. Ile ya dawa nilisoma mara mbili, ni juu ya kazi tu.

Na ile mutihani ya picha uliweka ku mulango, "bonyeza picha zote zenye iko na feu rouge", tosha, ondoa kabisa. Mama Émilienne alishindwa mara saba. Ataona wapi feu rouge, taa ya kusimamisha magari, mu Panda? Alibonyeza picha ya ile bomba nyekundu ya pompier, ya maji ya kuzima moto, akisema inafanana mbabula, jiko yake ya makala. Viktor wa viatu anapita, Mama Émilienne anabakia inje. Ni mulango gani ile?

Nilisoma majina yote, moja moja. Bantu tunabaambia site ni ya bote benye balitawanyika. Lakini weye na minye tunajua uliijenga juu mama yako Marlène, binti yangu, aione siku moja, aandike jina yake. Myaka kumi na moja sasa toka aende. Jina yake haikuwa mu kati ya ile mia sita.

Basi. Kula, usikonde, banaume ba huko babaki na uchungu.

Bwana yako wa meno tano,
Kambo Constantin


Durban, le 9 mars 2023

Kambo mupenzi,

Nimepokea barua yako na furaha, Ricky alinipatia ikinuka mazout ya camion. Minye niko muzima. Mu atelier ya kutengeneza ba ordinateurs patron amenipatia siku tano kwa wiki. Ma-papiers yangu ya kukaa huku bado, usiulize. Pole ya ukuta, na umwambie Mama Émilienne pole ya kuku, usimucheke.

Kambo, ile mia sita haiko bantu. Ni mashine, programu yenye kuzunguka dunia ikitafuta mulango yenye haifungwe vizuri, inajaza fomu, inaingia, inaweka matangazo yake. Kila site ndogo iko na ile shida. Tukiziacha ziingie, bantu ba kweli batakimbia.

Picha nimetosha. Sasa itakuwa hivi: muntu anaandika jina na adresse yake ya mail, anangojea. Weye unamutumia swali, jibu inakuja ku téléphone yako, kisha unabonyeza "Accepter" aingie, ao "Supprimer". Tafazali uangalie, Kambo: Supprimer inafuta yote, jina, adresse, maneno. Hairudie. Ni minye nilipanga vile, juu sikutaka tuweke adresse za bantu benye habakuingia. Chagua swali yenye paka muntu wa Panda peke yake anaweza kujibu.

Tena kitu moja. Usiangalie paka jina Marlène. Muntu anaweza kuja na jina ingine, ao kutuma mwingine.

Sina ya kuongeza juu ya ile.

Mujikulu yako (haiko bibi yako!),
Arielle


Likasi, le 29 mars 2023

Bibi yangu mwenye kukatala ndoa,

Tuko bazima. Courant ya umeme inakuja kama mugeni wa heshima, inasalimia inaenda. Katekista wa kanisa yetu alioa tena, ku umri yake! Nilienda ku harusi, nikacheza mpaka bavijana bakaomba maji.

Sasa kaa chini, nikufundishe kazi yako ya ordinateur.

Nilianza na maswali kama ulisema. "Padri mwenye alikuwa na baiskeli ya bluu aliitwa nani?" Bantu ba kweli balisahau! Moja akanijibu baiskeli ilikuwa ya kijani, tukapigana siku tatu. Kisha akatokea Albert, ule mutoto wa fundi ya soudure, eko Kolwezi sasa. Minye, na mazoea yangu tu, nikamwandikia: "Weye kichwa kama sufuria ya kilio, bado unakojoa mu kitanda?" Unajua alinijibu nini? "Muzee wa masikio ya kuoza, unakufa lini tukule bukari?"

Nikaruka! Nikapiga mikono! Mama Émilienne akakimbia akifikiri Mungu amenichukua.

Haujaona bado? Muntu wa Panda ukimutukana, anarudisha. Ni damu. Ba baba yetu balikuja hapa na treni, kila kabila na luga yake, bakubwa ba usine bakabaweka mu nyumba za ukuta moja. Kama habangetukanana kwa kucheka, bangekatana na panga. Mutoto wa Panda anajua kutukana mbele ya kujua kutembea. Lakini mashine, Arielle, ukiitukana inasema merci! Nilituma kwa Viktor wa viatu: "Weye tako ya nyani." Akanijibu: "Asante kwa maneno yako mazuri, Mungu akubariki, bonyeza hapa." Adabu kama ya sista!

Kwa hiyo sasa njo sheria ya mulango. Kila jina linapata tusi moja ya Constantin. Mwenye kurudisha, ninafungula. Mwenye kusema asante, ninafuta. Ile mia sita yote nilimaliza, nikabakia na bantu arobaini na tatu, wote ba kweli, wote na midomo michafu. Niambie, mu Durban yenu kuko na muntu mwenye alivumbula kitu kama hii? Andika jina yangu kule ku ba-universités.

Marlène bado. Lakini akikuja nitamujua. Yeye njo alikuwa na ulimi kunipita.

Kambo Constantin, Directeur Général wa Matusi


Likasi, le 21 mai 2023

Bibi yangu,

Hauandike. Ricky anasema alikuona mu marché, ukampungia mukono. Najua, kazi. Baridi imeanza hapa, ninalala na makoti mbili. Mama Émilienne eko na kikohozi, sauti yake imekuwa ya mwanaume, tunafanana sasa.

Site inapendeza. Tuko sitini na nane. Bantu banaulizana habari, banatumiana ma-photo ya komunyo ya zamani, na kila asubui ninaamka na tusi mupya. Bananiita Sentinelle, mulinzi wa mulango.

Nikupe kichekesho. Mu mwanzo ya huu mwezi kulikuja mashine moja yenye ilijifanya mukristu. Iliitwa Pasteur Hénoc, unaona? Sasa zinajua kama shiye bantu ba huku tunapenda kusali. Nikaitumia ile tusi yangu bora, ninaiwekaka kwa wageni: "Weye panya wa shimo, unataka kuingia mu nyumba ya bantu na hii miguu ya matope?" Kisha siku mbili, jibu: "Baba, heshima yenu. Minye siwezi kurudisha neno ya vile kwenu. Nimepiga magoti. Niko na habari, naomba mufungule." 

Nilicheka mpaka nikakohoa kama Mama Émilienne. Habari! Zote ziko na habari, ya mali, ya urithi ya jenerali, ya dawa. Lakini kupiga magoti? Mashine iko na magoti! Nikafuta. Nilionyesha Mama Émilienne mbele ya kufuta, yeye hakucheka, lakini yeye anaelewaka kichekesho kisha wiki.

Tuma photo yako. Nataka kuona kama umekonda.

Kambo Constantin


Durban, le 10 juin 2023

Kambo,

Jambo. Natumaini Mama Émilienne amepona.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama ku parking, Ricky bado hajazima moteur, nikakaa chini pale pale.

Ule Pasteur Hénoc aliandika nini ingine? Uniandikie maneno yake yote, ata ile unaona haina maana. Siku gani? Adresse yake ilianza na herufi gani? Kulikuwa namba ya téléphone? Ilitoka wapi?

Mashine hazisemi "Baba, heshima yenu". Nazijua, njo kazi yangu. Mashine haiwezi kusema "siwezi kurudisha neno ya vile kwenu". Kambo, fikiri: mu dunia yetu nani hawezi kukurudishia tusi, ata umutukane namna gani? Nani, ata kama amezaliwa Panda, ata kama iko na mudomo ya moto, mbele yako anapashwa kuinamisha macho na kuita "baba"?

Uniandikie mbio. Ricky atapita kwenu mu siku kumi na tano.

Arielle


Likasi, le 2 juillet 2023

Arielle,

Jambo. Baridi kama ya huu mwaka haijaonekana kamwe. Asubui majani iko nyeupe. Mama Émilienne amepona, sasa anakohoa kwa mazoea tu. Katekista bibi yake mupya amemutoroka, kisha miezi tatu! Nilimwambia, "Weye ulimuonyesha mwili yako na taa?" Hakucheka. Choo tumejenga. Iko na ukuta ine na mulango, ninaingiaka ata kama sina haja.

Ulisema niandike maneno yote ya ule muntu. Nilikuandikia yenye nakumbuka. Muzee anasahau. Adresse sikuangalia.

Ile swali yako ingine, wino ilimwangikiwa maji, sikuweza kuisoma vizuri.

Site iko muzuri. Bantu sabini na tatu. Matusi nimepunguza kidogo, juu ya koo.

Constantin


Durban, le 24 juillet 2023

Kambo mupenzi,

Jambo, na pole ya baridi. Minye niko. Nililala siku mbili bila kwenda kazi, lakini sasa niko.

Swali haikumwangikiwa maji, Kambo. Karatasi yangu ulisoma. Acha nikujibie minye mwenyewe: ni mukwe. Mukwe hawezi kukutukana. Angekufa mbele ya kufanya ile.

Sasa usikie yangu, juu minye pia nilificha. Mwaka ya kwanza mama kuenda, alikuwa ananipigia téléphone, ku namba ya rafiki yangu wa masomo, siku ya Jumapili. Sikukuambia. Ku nyumba jina ya Jimmy, mwanaume mwenye mama alifuata, ilikatazwa, ulisema muntu akiitaja atakula inje na kuku. Nilikuwa na myaka kumi na nne, nikaogopa. Ku téléphone ya mwisho mama aliniambia Jimmy aliacha kuchimba madini ku shimo ya Shinkolobwe, alibatizwa mu maji, alipata jina mupya. Hénoc. Aliniambia, "Siku kambo yako atapoa, umwambie anaitwa Hénoc sasa." Kisha ule rafiki alipoteza téléphone, ikaisha.

Nilipashwa kukuambia le 9 mars. Niliandika "jina ingine", nikaacha pale. Nilifikiri ukijua ni Jimmy hautafungula. Niliogopa weye, ata kutoka huku mbali.

Nimetafuta mu site wiki mbili. Hakuna kitu. Nilipanga isiweke kitu, na haikuweka. Adresse yake haiko popote, Kambo. Mulango niliijenga muzuri sana.

Niambie nini ulimwambia siku balikuja kuomba ndoa, minye nikiwa ku masomo. Mama hakuniambiaka. Alikuwa analia tu.

Arielle


Likasi, le 19 août 2023

Mujikulu yangu,

Jambo. Jambo tena. Nimeandika hii barua mara tatu, mbili nimewashia moto.

Minye najuaka kuelezea ile siku. Nimeielezea ku bar, ku kilio, ku usine, mara mia, na bantu banalia na kicheko. Lakini kukuelezea weye ni kitu ingine.

Balikuja bane. Jimmy, baba yake mudogo, na bamama mbili na kitambaa mupya na mbuzi. Jimmy alitoka ku shimo mbio juu asichelewe, viatu yake ilikuwa na udongo. Avenue nzima ilikuwa inaangalia, juu bantu bananijua, bananingojea niseme kitu. Na minye napenda bantu bakiningojea. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia na sahani za bukari. Nikasimama ku mulango, nikasema na sauti ya kiziwi, yenye inafika mpaka ku paroisse: "Weye panya wa shimo, unataka kuingia mu nyumba ya bantu na hii miguu ya matope?"

Avenue ilicheka. Njo tusi yangu bora, nilikuambia.

Alipiga magoti mu matope pale. Hakujibu. Nikafikiri hajui kujibu, muntu bila damu, nikacheka zaidi. Nikaomba beer, nikamuambia anywe kama iko mwanaume, juu najua kanisa ya famille yake inakatala. Baba yake mudogo akamuinua. Mbuzi ikarudia nao. Kisha siku tatu mama yako akaenda, akakuacha umelala.

Minye sikumukatala, Arielle. Nilikuwa nangojea anirudishie. Kama angenirudishia neno moja tu, ningemukumbatia. Nani alinifundisha kama mukwe anapashwa kunyamaza? Najua toka kuzaliwa. Lakini nikiwa na bantu mbele yangu nasahauka kila kitu.

Sasa njo nimefanya hivi. Ku site nimeacha kuuliza. Nimeacha kutukana. Kila jina linakuja, nabonyeza Accepter. Viktor wa viatu ameingia, na bandugu yake bote. Siku ingine mia mbili, siku ingine mia tano. Ninabaandikia kila moja: "Karibu, mwana. Baba haiko na kasirani." Kidole inauma. Albert na bale bengine banalalamika, banasema site imekuwa marché ya bichafu, bengi bametoka. Batoke. Akirudia ata mara moja, na jina yoyote, hatakuta mulango imefungwa.

Uniache nifanye vile.

Constantin


Durban, le 28 septembre 2023

Kambo wangu,

Jambo. Kama Mama Émilienne eko karibu, umuite akae na weye, kisha usome. Ningeweza kumupigia yeye, lakini angepashwa kukupigia kelele ku masikio, avenue nzima isikie. Hii sikutaka avenue isikie.

Compagnie yenye kuweka site yetu iliniandikia kama mashine zenye ziliingia zinatumia mulango yetu kwa kuibia bantu ba inchi zingine. Balinipatia siku tatu. Sikukuambia, nikaanza kusafisha minye mwenyewe, page kwa page, nione kama kuko muntu wa kweli mbele ya kufunga. Elfu kumi na zaidi. Viatu, dawa, visa.

Katikati, kati ya matangazo mbili ya viatu, kulikuwa maneno ya le 4 septembre. Ilikuwa pale siku kumi na tisa. Ulikuwa umeiandikia chini "Karibu, mwana. Baba haiko na kasirani", kama kwa zote. Haukuisoma, najua, zilikuwa mingi sana. Nakuandikia vile iko:

"Naitwa Suzanne. Natafuta famille ya Marlène, binti ya papa Constantin wa Panda. Marlène alikuwa bibi ya kaka yangu Hénoc. Alizikwa le 20 juin huku Kapolowe, kwenye tunalima muhogo tangu myaka ine. Alikuwa na ugonjwa ya damu tangu Noël. Alikuwa anataka kurudia kwao, anaogopa. Mu mwezi wa tano kaka yangu aliandika hapa kwa kuomba ruhusa amulete. Baba alimujibu maneno yale yale ya zamani, kisha akafunga. Kaka alimwambia Marlène ukweli, juu yeye hajui kudanganya. Marlène alisema, 'Basi, alinitambua.' Hakuomba tena. Kaka hajue naandika. Eko na batoto babili, banaulizaka kwa mama yao kulikuwa nani."

Namba aliacha. Napiga kila siku. Inasema haipatikane.

Kapolowe, Kambo. Shamba ya muhogo, ku muto Lufira. Na taxi ni saa moja kutoka kwako. Balikuwa pale myaka ine.

Site nimeifunga jana. Haikuwa na namna ingine. Sikukasirikii. Nimejaribu, nisiandike uongo, na nimekuta siwezi kukukasirikia bila kujikasirikia minye. Kutoka huku siwezi, bila ma-papiers nikivuka sirudie. Weye njo unaweza kufika. Uende kwa bale batoto. Usiseme kitu ya kuchekesha.

Arielle


Likasi, le 15 octobre 2023

Bibi yangu Arielle,

Jambo, jambo mingi! Joto imekuja, mvua bado, matunda ya masuku inaanza ku marché. Mama Émilienne amenunua kuku ingine tatu, ameziweka mbali na macho yangu. Katekista bibi yake amerudia, sasa ni yeye anatembea ameinama. Minye niko muzima kupita zamani, utaona kwa nini.

Barua yako ya mwisho nilipata ni ya juillet. Ricky amekwama ku mupaka, Kasumbalesa, banasema ma-camions imesimama kilometa na kilometa, machauffeur banapika bukari chini ya magurudumu. Kama uliniandikia, iko mu mufuko yake. Nitaisoma nikirudia.

Ku téléphone site yako ni nyeupe tangu mwisho ya septembre. Nilifikiri ni courant, ku barrage ya Mwadingusha banatengenezaka kila siku kitu. Kisha nikafikiri ni mégas ya internet. Courant imerudia, mégas niko nayo, na bado nyeupe. Utaitengeneza, weye ni fundi. Lakini minye nimechoka kungojea mbele ya karatasi nyeupe.

Kwa hiyo nimekamata shauri. Pasteur Hénoc, muntu wa kanisa, ataonekana mu makanisa. Si vile? Naenda Lubumbashi. Kule makanisa iko mingi kupita bar, nitaingia moja moja, nikiuliza. Nimeosha koti. Mama Émilienne ameniandikia ku karatasi mukubwa, juu masikio yangu: "Natafuta mukwe yangu Hénoc na binti yangu Marlène. Minye njo mukosaji." Nitaivaa ku kifua kama medali. Alinisahihisha, minye nilitaka kuongeza kichekesho kidogo, akakatala.

Najifunza kuongea na heshima. Kila asubui nasimama mbele ya kioo nasema: "Mukwe, ingia." Tu. Bila kitu nyuma. Ni ngumu, mudomo inataka kuongeza. Jana nilisema mara kumi bila kuongeza, Mama Émilienne akapiga mikono.

Mu chumba ya mama yako nimetosha makala yote ya kupikia na baiskeli. Nimepaka chokaa. Kitanda iko na muguu moja mubovu, nimeweka tofali, atanicheka nayo, acha anicheke. Myaka kumi na moja ya matusi anayo pale mu kifua, nitakaa chini nipokee yote.

Barua hii ninaacha kwa Mama Émilienne, atapatia Ricky siku atatokea Kasumbalesa. Taxi inatoka kesho asubui. Nimelipia nafasi ya mbele, pembeni ya dirisha, juu mbele njo kwa bazee. Chauffeur anasema hasimamake mingi, paka Kapolowe tu, pale abiria banashuka kununua muhogo na samaki, nusu saa nzima. Minye sitashuka. Kapolowe sina muntu. Nitabakia mu gari, nilinde nafasi yangu.

Kambo Constantin